Washkaji, Boti na Kambakochi wa Usiku: Historia ya Bata Lenye Bili Nzito

Kama umewahi kupita Forodhani pale Zanzibar jioni, ukamuona kambakochi amelala juu ya meza ya mchoma samaki, ukauliza bei, halafu ukahamia kimya kimya kwenye mishikaki, basi tuko pamoja. Huyu kiumbe ana heshima yake. Ila leo siongelei bei. Naongelea watu wanaomfuata chini ya bahari, wengine usiku, giza totoro, na kumkamata kwa mikono. Kuna wanaofanya hivyo kwa raha zao, na kuna wanaofanya kwa sababu nyumbani hakuna kitu. Historia yao ni moja, ila imeishia sehemu mbili tofauti kabisa.

Kwanza, kwa nini usiku? Mchana kambakochi anajificha kwenye mapango na nyufa za miamba, nje unaona ndevu zake ndefu tu. Jua likizama anatoka kutafuta msosi: chaza, konokono, urchini. Hapo anatembea waziwazi kwenye mchanga, ukimmulika na tochi unamuona. Lakini usimchukulie poa. Akishtuka anapiga mkia mara moja anarudi kinyumenyume kama risasi, na wewe unabaki umeshika maji.

Sasa twende California, Marekani, ambako mchezo huu umekuwa kama sikukuu. Mwaka 1933, uchumi wa dunia ukiwa hoi, vijana wachache wa San Diego walianzisha klabu yao ya kuzamia. Walijiita Bottom Scratchers, yaani wakwaruza chini. Vifaa vya dukani havikuwepo, kwa hiyo miwani ya kuzamia walijitengenezea wenyewe. Mtungi wa hewa? Hakuna. Unavuta pumzi, unashuka, unarudi. Na kuingia kwenye klabu haikuwa kulipa kiingilio, ilikuwa mtihani: ulete abaloni watatu kwa pumzi moja, ulete kambakochi, na umkamate papa kwa mikono mitupu. Ndiyo, papa. Wengi walikuwa watu wa kazi za kawaida tu, na walichotoa baharini kilikuwa kitoweo cha nyumbani kweli.

Kisha ikaja 1943. Huko Ufaransa, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan wakatengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi mgongoni, kiasi kile kile anachohitaji kila akivuta. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kifaa hicho kikaanza kuuzwa Marekani. Halafu runinga ikamaliza kazi: kuanzia 1958 hadi 1961 tamthilia ya Sea Hunt ikawaonyesha Wamarekani jamaa mmoja mzamiaji anayepambana na maadui chini ya maji, na vijana kibao wakataka kuwa yeye. Kitu kilichokuwa cha watu wachache wenye mapafu ya chuma kikawa cha yeyote mwenye hela ya mtungi na kozi.

Hapo ndipo lilipozaliwa bata la usiku wa ufunguzi. Kwa miaka mingi msimu wa kambakochi California ulikuwa unafunguliwa dakika moja baada ya saa sita usiku, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Vuta picha: boti imetia nanga karibu na msitu wa mwani, washkaji watano sita wamevaa suti za mpira maana maji ya kule ni baridi si mchezo, muziki uko chini, kila mtu anaangalia saa. Muda ukifika, chubwi! Pembeni boti nyingine nazo zinamwaga watu. Chini ya maji ni tochi tu, kama mtaa uliokatiwa umeme kila mtu akatoka na simu.

Na sheria zipo, siyo kila mtu ajibebee. Mzamiaji anatumia mikono tu: mkuki hapana, ndoano hapana. Mwisho ni saba kwa mtu. Gamba la mgongoni lazima lifike inchi tatu na robo, kama sentimita 8.3 hivi, na unapima ukiwa humo humo majini. Mdogo haruhusiwi hata kutolewa juu, anaachiwa pale pale. Tangu 2008 kila mvuvi wa burudani anajaza kadi ya kile alichokamata. Ndiyo maana wajukuu wa wale wakwaruza chini bado wanakuta kitu.

Ila huu mchezo unaua. Usiku wa ufunguzi umeshaondoka na watu zaidi ya mara moja, na baadaye muda wa kuanza ukasogezwa, usalama ukiwa mmoja wa sababu. Mtu hajazamia tangu mwaka jana, mwili haujawa tayari, giza, mawimbi, mwani unazunguka miguu, na mbele yake kuna kambakochi wa nguvu anaingia pangoni. Anamfuata. Anasahau kuangalia geji ya hewa. Anasahau mwenzake yuko wapi. Kambakochi mmoja tu!

Halafu kuna adui asiyeonekana. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka sawa na uzito wote wa hewa ulio juu yetu hapa nchi kavu. Hewa ya mtungi ina naitrojeni, na mgandamizo huo unaifanya iyeyuke ndani ya damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole inatoka taratibu kwa kupumua. Ukipanda haraka, inageuka mapovu ndani yako, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Mapovu yakigusa uti wa mgongo, miguu inaweza isirudi tena. Tiba yake ni kukuingiza kwenye chemba maalumu ya mgandamizo, na mapema iwezekanavyo.

Mshkaji wa California amesomeshwa haya yote kabla ya kupewa cheti. Mkononi ana kompyuta inayompigia kelele akipanda haraka. Sasa tushuke kusini kidogo.

Pwani ya Karibi ya Honduras na Nicaragua kuna jamii ya Wamiskito. Mababu zao walizamia kwa pumzi. Biashara ya kuuza kambakochi nje, hasa Marekani, ilipopamba moto, wenye meli waliwaletea mitungi. Mafunzo hawakuleta. Meli inabeba makumi ya wazamiaji na mitumbwi yao, inakaa baharini siku nyingi. Kila mzamiaji ana kijana wa kumpigia kasia, mara nyingi mtoto tu. Malipo ni kwa uzito: hujaleta, hulipwi. Kambakochi wa maji mafupi walipoisha, watu wakaanza kushuka mita 30 na zaidi, mtungi baada ya mtungi, hata zaidi ya kumi kwa siku, bila kifaa cha kupima kina. Mtungi ule ule uliowapa wengine raha ukaacha vijiji vya Wamiskito na mamia ya wanaume waliopooza, wengi wakiwa bado vijana.

Wao wenyewe wana maelezo yao. Wanasema kuna Liwa Mairin, mwanamke wa baharini, mwenye mali yote ya majini. Anayechota kupita kiasi anampiga, na anayepigwa haamki. Unaweza kucheka. Ila ukimuweka pembeni huyo mama na kubakiza neno "kupita kiasi", daktari naye angekubaliana nao.

Nicaragua ilipitisha sheria mwaka 2007 ya kusitisha uvuvi huu wa mitungi, halafu utekelezaji ukawa unaahirishwa, maana kazi nyingine hakuna. Upande wa Honduras, kesi ya wazamiaji 42 na familia zao ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Mwaka 2021 mahakama ikaiwajibisha serikali kwa kushindwa kuwalinda watu hawa na kuwasimamia wenye meli. Humo ndani kuna waliopooza, kuna waliokufa, na kuna mtoto aliyeachwa na meli baharini kwenye mtumbwi. Hakuonekana tena.

Na huku kwetu? Visiwa vya Lamu, kama Kizingitini, wazamiaji wana ujanja wao wa zamani: wanashuka kwa pumzi na pweza mkononi. Kambakochi akimuona pweza, adui yake wa damu, anatoka pangoni mwenyewe mbio, anakutana na wavu. Hakuna mtungi. Pumzi ikiisha, uvuvi umeisha, na bahari inapumzika kidogo.

Kwangu mimi tofauti ya wale washkaji wa boti na Wamiskito siyo ujasiri, maana wote wanaruka kwenye bahari yenye hatari zile zile. Tofauti ni kwamba mmoja anaweza kusema "leo sishuki, mwili haujakaa sawa", wenzake wakamcheka, wakampa kahawa, yakaisha. Mwingine akisema hivyo, watoto wanalala njaa.

Siku ukiwa na hela zako ukaagiza kambakochi, kula kwa raha. Ila muulize muuzaji katoka wapi na kavuliwaje. Na wewe mtu wangu, washkaji wakikuita kwenye boti saa sita usiku, ungeshuka au ungebaki juu kushika taa?