Pine na freni kwenye barabara zetu: nini kinasimamisha gari?

Toka Bijombo hadi Uvira ni kushuka tu. Kule juu watu wanaishi kwenye zaidi ya mita 2,000, na ziwa letu Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Maharagwe na viazi vingi vinashuka mgongoni na kichwani mwa watu. Vikifika chini ndipo vinapakiwa kwenye gari. Gari linashika barabara ya kitaifa nambari 5: kaskazini kupitia Sange, Luvungi, Kamanyola na milima ya Ngomo, ama kusini kwenda Makobola na Baraka. Hapo ndipo pine na freni vinapimwa kweli.

Gari likichelewa kusimama, dereva anakimbilia kununua plaketi. Sawa, lakini freni inasimamisha gurudumu, na pine ndiyo inasimamisha gari. Gurudumu likishafungwa juu ya changarawe, linateleza tu, hata plaketi ziwe mpya za leo.

Tufanye hesabu. Gari liko na mwendo wa kilomita 40 kwa saa, njia tambarare. Kwenye lami kavu, pine nzuri inalisimamisha kwa karibu mita 9 baada ya kukanyaga freni. Kwenye changarawe ni karibu mita 18, na kwenye matope ya utelezi inaweza kupita mita 30. Ongeza mita 11, juu ya ile sekunde moja kabla mguu haujagusa freni. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga freni unazidi mara nne. Mteremkoni hizo mita zote zinaongezeka tena.

Basi pine gani? Magari mengi ya kwetu yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, yanashukia bandari ya Dar es Salaam. Mengine yanafika na pine za barafu, zimeandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi. Kwenye joto la bonde la Ruzizi unaisha haraka na haushiki vizuri. Muuzaji atakuonyesha meno marefu na kusema ni mpya. Wewe soma ubavu.

Ubavuni tafuta pia herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 3217 maana yake juma la 32 la mwaka 2017. Pine ya okazio ikiwa na miaka kumi, mpira umekauka hata kama meno yanang'aa, tunashauri uiache. Angalia nyufa karibu na meno, na uvimbe, kwa sababu uvimbe ni nyuzi za ndani zimekatika. Gari la abiria au la mizigo linataka pine ya mizigo, ile yenye herufi C baada ya kipimo. Pine ya gari dogo inaweza kuingia kwenye ringi ileile, lakini haiwezi kubeba magunia yale.

Na ukiwa na pesa ya pine mbili tu, weka mpya nyuma. Wengi wanaweka mbele. Lakini nyuma ikiteleza, gari linageuka lenyewe, na kwenye kona za Ngomo hakuna nafasi ya kurudisha usukani.

Kupima freni hakuhitaji garaji. Tafuta sehemu tambarare ya udongo, isiyo na watu, ufike kilomita 30, ukanyage kwa nguvu. Gari likivuta upande mmoja, freni hazishiki sawasawa. Shuka uangalie alama chini: gurudumu lisiloacha alama ya kuburuta kama mengine, fundi aanzie hapo. Gari lenye ABS ni tofauti, halifungi magurudumu; usukani unabaki mkononi, ila kwenye changarawe linaweza kwenda mbali zaidi. Halafu, injini ikiwaka, kanyaga pedali na uishikilie nusu dakika. Ikizama polepole, kuna mahali panavuja. Ikiwa laini kama sponji, hewa imeingia.

Kwenye mteremko mrefu, ingiza vitesi ndogo kabla ya kuanza kushuka. Vitesi ile uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kukanyaga freni mfululizo kunachemsha mafuta yake. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205. Yakishanyonya maji ya hewani yanaweza kuchemka kwenye 140, na pedali inazama bila kushika kitu. Badilisha kila miaka miwili. Ukisikia harufu ya kuungua, simama, weka mawe kwenye magurudumu, usimwagie maji diski ikiwa moto.

Kwa wanaokwenda kusini: mito inayotoka milimani inakatiza njia, na mvua ikinyesha juu, maji yanafika bila taarifa, kama Mulongwe ilivyotufanya Aprili 2020. Ukivuka maji, freni zimelowa. Endesha polepole mita mia hivi huku unagusa pedali kidogo kidogo mpaka usikie gari linashika tena, ndipo uongeze mwendo.