Fahirisi ya Mapishi: Kabla Hujalipia, Soma Haya



Bi harusi mmoja wa Mangapwani ametuuliza swali ambalo mwanzo lilituchekesha. Binamu yake aliyeko Maskati amemshauri ajiunge na huduma ya mtandaoni inayoorodhesha vitabu vya mapishi. Unalipa kwa mwezi au kwa mwaka, unaweka alama kwenye vitabu ulivyonavyo kabatini, halafu ukiandika "samaki na ukwaju" huduma inakwambia pishi hilo liko kwenye kitabu gani. Harusi ni Mfunguo Mosi inshaallah, upande wa mume ni watu wa wageni kila Ijumaa, na bibi yake aliyempikia tangu utotoni sasa macho yamepungua. "Dada zangu, nilipie?"

Tulitaka kumjibu kwa mstari mmoja tukashindwa, kwa sababu swali hili lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita kwenye majiko ya wanawake.

Kwanza tuieleze huduma yenyewe, maana wengi hulipa bila kuijua. Inayojulikana zaidi ni Eat Your Books, iliyoanzishwa na dada wawili, Jane Kelly na Fiona Nugent. Haikupi pishi. Inakupa jina la pishi, jina la kitabu na orodha ya vitu vinavyohitajika. Namna ya kupika unarudi kuisoma kwenye kitabu chako mwenyewe. Wapo wanaoona wameibiwa wakiligundua hilo. Sisi hatuoni hivyo. Maelezo ya pishi ni kazi ya mwandishi, na fahirisi ni njia tu ya kuifikia. Tena ina faida moja kwa mwanamke wa Kiislamu: unaona viungo kabla hujasumbuka, kwa hiyo pishi lenye mvinyo au mafuta ya nguruwe unalipita mapema, hujafika nusu ya sufuria ndipo ukaligundua.

Neno fahirisi tumelipata kwa Waarabu, nao walilichukua kwa Waajemi. Na kitabu maarufu kuliko vyote chenye jina hilo kiliandikwa Baghdad mwaka 377 Hijria, yaani kama 987 Miladia. Mwandishi wake ni Ibn al-Nadim, muuza vitabu, ambaye alijaribu kuorodhesha kila kitabu cha Kiarabu alichokijua. Alianza na vitabu vitukufu na elimu ya Qur'ani, akaenda kwenye lugha, tarehe, mashairi, fiq'hi, mpaka falsafa na tiba. Na ndani ya bahari hiyo yote, alitenga nafasi ya vitabu vya mapishi. Nafasi nyingine akaiweka kwa vitabu vya manukato. (Tunajua wapi macho ya mabi harusi yatakimbilia.)

Miongoni mwa waandishi wa mapishi aliowataja yumo Ibrahim bin al-Mahdi, ndugu wa baba mmoja wa Harun al-Rashid. Mtoto wa khalifa, aliyewahi hata kutangazwa khalifa mwenyewe, na anaandika namna ya kupika! Siku hizi mwanamume wetu akionekana jikoni anaulizwa kama mke anaumwa.

Lakini angalia kilichotokea. Vitabu vingi alivyoviorodhesha Ibn al-Nadim havipo tena. Vingine vilichakaa, vingine havikunakiliwa, na mwaka 1258 Wamongolia waliiangamiza Baghdad yenyewe. Tumebaki na majina. Unasoma kwamba fulani aliandika kitabu cha chakula, na huwezi kujua alitia nini chunguni.

Bahati njema baadhi ya vitabu vya zama zile vilinusurika. Kimoja ni cha Ibn Sayyar al-Warraq wa karne ya 10, chenye mapishi zaidi ya 600. Kingine ni cha al-Baghdadi, kilichoandikwa mwaka 1226. Huyu alihesabu starehe za dunia kuwa sita, akaona chakula ndicho bora kuliko zote, vikiwemo nguo, manukato na hata hilo mnalolifikiria. Kitabu chake alikigawa milango kumi ili msomaji apate anachokitafuta, na humo imo harisa: ngano na nyama vilivyopikwa kwa moto mdogo muda mrefu, vikapondwa mpaka vikashikana.

Mzanzibari yeyote hapo ameshajua tunazungumzia nini. Hilo ni boko-boko. Liko kwenye Idi zetu, liko kwenye harusi zetu, na liko kwenye sufuria ya bibi wa huyu bi harusi aliyetuuliza. Kijiji chake kinaitwa Mangapwani, na Manga ndilo jina walilolitumia wazee wetu kwa Arabuni, hasa Omani. Jina hilo hilo tunalo kwenye pilipili manga. Watu wa Manga walipovuka na pepo za kaskazi walikuja na dini, nasaba na biashara, na walikuja pia na wanachopenda kula.

Kitabu cha mapishi hakikushuka nao jikoni. Na hapa ndipo swali la kulipia fahirisi linapotuuma.

Chukua jumba la Mtoni, lililo njiani ukitoka mjini kwenda Mangapwani. Hapo alizaliwa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, mwaka 1844. Baadaye aliishi Ujerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake huko Berlin. Anaeleza jiko la jumba lilivyokuwa likipokea vyakula: samaki wakubwa wakibebwa na watu wawili wawili, kuku kwa madazeni, unga na mchele na sukari kwa magunia, samli ya Sokotra kwa mitungi. Ni viungo tu vilivyopimwa kwa ratili. Ukisoma hapo unasikia harufu mpaka ulipo. Lakini ukitaka kujua lile birika la mchuzi lilitiwa nini kwanza na nini mwisho, hupati.

Anaeleza pia jambo lingine, nasi tunaona mawili haya yanakwenda pamoja. Mabinti wa jumba walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Binti wa Sultani! Sasa ikiwa yeye alilazimika kujificha ili aandike, ni mwanamke gani wa Mangapwani wa zama zile angekaa chini akaandika namna ya kupika pweza wa nazi?

Na wale waliosimama mbele ya moto wa majumba hayo hawakuwa hata na nafasi ya kujificha. Wengi walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Ukienda Mangapwani leo utaoneshwa chumba kilichochongwa ndani ya jiwe la pwani, ambamo watu walifichwa baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa bahari mwaka 1873. Hadhi ya utumwa yenyewe ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Tunapoita chakula fulani "cha Kiarabu" au "cha Kihindi" tukumbuke kwamba mikono iliyokipika, kila siku, mara nyingi ilikuwa ya mwanamke ambaye hakuna orodha yoyote iliyomtaja. Alichokijua alimpa aliyesimama pembeni yake. Yule akampa mwingine. Hivyo ndivyo kilivyotufikia.

Kalamu ilikuja taratibu. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na upishi ukawa miongoni mwa masomo. Huko ndiko tunakoyaona mazoea ya daftari la mapishi yalikopata nguvu, lile lenye jalada lililopakwa mafuta na kurasa zilizogandana kwa shira. Mwaka uliofuata, 1928, wanawake wa kanisa la St Andrew's jijini Nairobi walichapisha kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya. Kiswahili kilikuwemo, ila kwa ajili ya bibi mwenye nyumba kumwamrisha mpishi. Yule mpishi, aliyekuwa na lugha na mkono, alibaki mtu wa kuamrishwa.

Vya kwetu vilivyochapishwa ni vichache. Kinachoonekana sana madukani mjini ni "A Taste of Zanzibar" cha Zarina Jafferji, kizuri, lakini kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili wengi wetu tumejifunza kwa mama, kwa somo, au kwenye sehemu ya mapishi ya tovuti ya Alhidaaya, ambayo hailipiwi.

Basi tulimjibu bi harusi wetu kwa kumuuliza: una vitabu vingapi? Akasema viwili, na kimoja ni cha keki.

Mwenye vitabu viwili halipii fahirisi. Avifungue avisome, jioni moja inatosha. Huduma ile inafaa kwa mwenye kabati zima, vitabu 30 au 50, anayekumbuka aliwahi kuona kuku wa namna fulani na hakumbuki ni wapi. Inamfaa anayepika kwa biashara, ambaye kila wiki anaombwa kitu kipya na mteja wa hotelini. Tunamjua mmoja mjini anayefanya hivyo, na kwake ada inarudi, kwa sababu muda anaookoa anautumia kukaanga sambusa za kuuza. Kwa hao tunasema lipia bila wasiwasi, ila anza na mwezi mmoja, hesabu umeifungua mara ngapi, ndipo uende mwaka.

Pia jua lugha yake. Fahirisi ya Kiingereza inajua tui moja tu. Haijui kwamba tui bubu linaingia mwisho na la kasimu ndilo linalochemshia muhogo. Ukiitafutia uzile lazima kwanza ujue Waingereza wanauitaje. Na boko-boko huenda ukalipata kwa jina la Kiarabu, kwenye kitabu cha mtu wa Ghuba, lenye viungo ambavyo bibi yako angevitazama kwa jicho la pembeni.

Jambo la mwisho tulilomwambia ndilo lililomfanya anyamaze kwenye simu. Hakuna huduma duniani, ya bure au ya kulipia, inayoweza kumwonesha pishi la bibi yake liko ukurasa wa ngapi. Halina ukurasa. Na bibi ana macho yaliyopungua na umri ambao sisi sote tunaujua unaelekea wapi.

Jumamosi tulikwenda naye. Tulichukua daftari, mizani ndogo ya jikoni na simu ya kurikodia. Bibi alitushangaa kweli: watu wazima, na wanataka kupima! Kila tulipouliza "kiasi gani?" alijibu "mpaka ushibe macho." Kibaba chake ni kikombe cha bati kilichobonyea upande, hakilingani na kibaba cha mtu mwingine yeyote. Tulikijaza ngano tukakipima: gramu 640. Nyama, alisema, iwe mara mbili ya hiyo, yenye mfupa. Chumvi isitiwe mpaka ngano ipasuke, na tulipomuuliza kwa nini alifikiri kidogo akasema aliyemfundisha hakumwambia sababu.

Tukamuuliza aliyemfundisha ni nani. Akataja jina, akataja na aliyemfundisha huyo, na wa tatu akalikumbuka kwa lakabu tu. Bi harusi aliyaandika yote matatu juu ya ukurasa, kabla ya ngano.

Sasa daftari lina mapishi 11. Kurasa nne za mwisho ameziacha tupu kwa ajili ya fahirisi, kwa herufi, na ameanza na B.