Kibali na Ridhaa: Historia ya Kuuliza Watu katika Gusii

Kiswahili kina maneno manne ambayo katika ofisi za vyuo hutumiwa kana kwamba ni mamoja: ruhusa, idhini, kibali na ridhaa. Yote manne yana asili ya Kiarabu, na yote hupatikana katika barua za mwanafunzi anayekwenda kufanya utafiti miongoni mwa watu. Lakini hayaelekei upande mmoja. Ruhusa huombwa na mdogo kwa mkubwa: mtoto wa shule huomba ruhusa kwa mwalimu ili atoke darasani, wala haijasikika mwalimu akiomba ruhusa kwa mtoto. Idhini, ambayo shina lake ni moja na la adhana, ni neno la mwenye mamlaka aliyekwisha kusikiliza. Kibali asili yake ni kukubalika, kupendeza machoni pa watu; siku hizi kimekuwa karatasi yenye mhuri. Ridhaa peke yake hutoka moyoni mwa yule anayeulizwa. Pwani bibi arusi huulizwa kama ameridhia, ijapokuwa walii wake ndiye amwozaye.

Makala haya yanafuata safari ya maneno hayo katika nchi ya Abagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira za leo, ambako wasomi wamekuwa wakiwauliza watu maswali kwa zaidi ya miaka sabini. Yanakusudia kuonyesha kwamba katika sehemu kubwa ya muda huo kibali kiliombwa juu, kwa serikali, na ridhaa ikachukuliwa kuwa imekwisha kupatikana.

Abagusii waliijua kalamu ya serikali kabla ya kuijua kalamu ya mtafiti. Majeshi ya Waingereza yaliwapiga mwaka 1905 na tena mwaka 1908, na baada ya vita vilikuja vitabu vya kuhesabia watu na nyumba kwa ajili ya kodi. Kwa hiyo Philip Mayer alipofanya kazi miongoni mwao katika miaka ya 1940, hakuwa mgeni wa namna mpya. Alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya Kenya. Kitabu chake cha mwaka 1950 juu ya sheria na desturi za mahari ya Abagusii ni kazi ya uangalifu mkubwa, na hata leo hapana awezaye kuandika habari za mahari bila kukipitia. Hata hivyo mahari lilikuwa jambo lililoishughulisha serikali yenyewe, na mzee aliyeulizwa ng'ombe wangapi walitolewa kwa ajili ya binti yake alikuwa na sababu njema ya kujiuliza jibu lake litaishia wapi.

Mwaka 1955 walifika Robert LeVine na Barbara LeVine, wakakaa hadi 1957. Walikuwa sehemu ya mradi wa malezi ya watoto ulioongozwa na John Whiting na Beatrice Whiting wa Harvard pamoja na wenzao, ambao ulilinganisha jumuiya sita: za Kenya, India, Okinawa, Meksiko, Ufilipino na Marekani yenyewe. Jumuiya ya Gusii inatajwa katika kitabu kwa jina la Nyansongo. Akina mama walihojiwa na watoto wakatazamwa wakicheza, wakichunga na kulea wadogo zao. Elimu ya dunia juu ya mtoto imepata faida kubwa kutokana na watoto hao, na yafaa jambo hilo lisemwe wazi. Lakini katika enzi hiyo hapakuwa na sheria iliyomtaka mtafiti amweleze mama, kwa lugha yake, kwamba anaweza kukataa.

Madhara yalitokea mahali ambapo hata fomu ya leo isingeyaona. Mwaka 1959 Robert LeVine alichapisha katika jarida la American Anthropologist makala juu ya makosa ya kujamiiana miongoni mwa Abagusii. Akitumia kumbukumbu za mahakama za mwaka 1955 na 1956, alikadiria mashtaka ya kunajisi kuwa 47.2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, akayalinganisha na 13.85 katika miji ya Marekani. Hakuna mtu mmoja aliyetajwa kwa namna ya kumdhuru. Lakini jina la kabila halikufichwa, wala lisingeweza kufichwa, na takwimu ile ikaendelea kunukuliwa katika vitabu vya nchi za mbali kwa miongo mingi, mara nyingi na watu wasioweza kuionyesha Gusii kwenye ramani. Ridhaa ya mtu mmoja mmoja haiwezi kuizuia hasara ya namna hiyo, kwa kuwa anayeathirika ni mtu ambaye hakuulizwa kabisa.

Mwamko wa maadili ulianzia penginepo. Kanuni za Nuremberg ni za mwaka 1947, Azimio la Helsinki la mwaka 1964. Zote mbili zilihusu uganga na majaribio juu ya miili ya watu, wala hazikumfikiria mwanafunzi mwenye hojaji shuleni. Mwaka 1972 ilifichuliwa huko Marekani habari ya Tuskegee, ambako wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa utazamwe, na mwaka 1974 ikatungwa sheria ya utafiti iliyozilazimu taasisi zilizopata fedha za serikali kuwa na kamati za kupima maadili. Katika mwaka huo huo LeVine alirudi Gusii akiwa na kundi la madaktari na wanasaikolojia kuchunguza watoto wachanga, kazi iliyodumu hadi 1976 na kuchapishwa kwa ukamilifu mwaka 1994.

Nchini Kenya sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 1977 iliunda Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kwa muda mrefu hata hivyo kibali cha utafiti kilitoka katika Ofisi ya Rais, na shabaha yake ilikuwa usalama wa nchi kuliko usalama wa anayehojiwa. Sheria ya mwaka 2013 iliweka mahali pa Baraza hilo Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, ambayo hutoa leseni na kuzitambua kamati za maadili za vyuo na hospitali. Mwaka huo huo wa 2013 Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake, na kaunti za Kisii na Nyamira zikaanza kazi chini ya Katiba ya 2010. Ndipo ikawezekana kwa mara ya kwanza kwa kijana wa Gusii kusomea digrii katika chuo kikuu kamili cha Gusii na kuwatafiti watu wa Gusii, yaani jamaa zake mwenyewe.

Njia anayoipita kijana huyo leo ni ndefu. Pendekezo lake hupitishwa na idara, kisha na kamati ya maadili. Hupata leseni ya Tume. Huenda na leseni hiyo kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Mwisho hufika kwa mwalimu mkuu. Katika kila ofisi hupigwa mhuri. Afikapo darasani, kijana huyo ana karatasi nyingi za watu ambao hawatajibu swali hata moja. Mwalimu mkuu huingia naye, humtambulisha kwa wanafunzi, na kuwaomba wamsaidie mgeni. Ni mtoto gani atasimama aseme hataki? Kanuni zinataka mzazi atie sahihi na mtoto mwenyewe akubali, na hakuna ubaya katika kanuni hizo. Ila mtoto aliyezoea kuomba ruhusa hata ya kwenda msalani hana mazoea ya kuombwa. Anachotoa ni utii, nao huandikwa katika tasnifu kuwa ridhaa.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, nalo linawahusu wanaisimu kuliko wanasheria. Fomu za ridhaa aghalabu hutungwa kwa Kiingereza na kufasiriwa kwa Kiswahili. Katika vijiji vya Borabu au Bobasi, bibi mwenye umri mkubwa huishi kwa Ekegusii. Kiswahili kwake ni lugha ya soko la mbali na ya askari. Ni kweli kwamba Ekegusii ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, na W. H. Whiteley alikwisha kuuchambua mfumo wa njeo zake mwaka 1960. Lakini udugu wa lugha haufanyi fomu ieleweke. Mara nyingi msaidizi wa utafiti huifasiri papo hapo kwa mdomo, na hakuna kamati inayojua alisema nini.

Tena kuna chinsoni. Hizi ni taratibu za heshima na haya zinazotenga kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto: mambo ya mwili na ya ndoa hayatajwi kati yao, ilhali babu na mjukuu huweza kutaniana bila kizuizi. Mayer na LeVine waliziandika zamani, nazo hazijafa. Mwanafunzi wa miaka 24 anayemuuliza mama wa rika la mama yake kwa nini binti ameacha shule, kama ni mimba au ni jando, amemvunjia heshima kabla ya kufika swali la pili. Mama hatakataa, atajibu jambo jingine. Nyanya wa mtoto yule yule angeweza kueleza yote huku akicheka. Fomu inauliza umri wa anayehojiwa, lakini haiulizi umri wa mhoji.

Sharti la kuficha majina nalo lina pande mbili. William Ochieng' alipoandika historia ya Abagusii ya kabla ya ukoloni, iliyotoka mwaka 1974, alitegemea masimulizi ya wazee. Katika elimu ya mapokeo simulizi kumtaja mzee kwa jina ni kumpa haki yake. Kumwita "mhojiwa wa 7" ni kumnyang'anya. Lakini katika nchi hiyo hiyo jina lililoandikwa vibaya huweza kuua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wengi walichomwa moto kwa kutuhumiwa uchawi, na Justus Ogembo ameandika kitabu kizima juu ya misako hiyo. Mei 2008 wazee wengine walichomwa. Oktoba 2021, katika eneo la Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati. Daftari la mwanafunzi anayechunguza kwa nini watoto wanaogopa kwenda shule fulani, likiwa na jina la bibi fulani wa kijiji, si karatasi tu.

Tatizo gumu kuliko yote limetokana na sheria njema. Ukeketaji ulienea sana katika Gusii. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha takriban asilimia 84 ya wanawake wa Kikisii walioulizwa kuwa wamekeketwa. Sheria ya mwaka 2011 imeupiga marufuku, na kifungu cha 24 kinamhesabu kuwa mkosaji mtu yeyote ajuaye kwamba tendo hilo limefanyika, linafanyika au limekusudiwa, asiliarifu. Mwanafunzi anayeandika juu ya elimu ya wasichana hawezi kulikwepa swali hilo. Fomu yake, iliyopitishwa na kamati, inamwahidi msichana kwamba maneno yake hayatapelekwa kwa mtu mwingine. Msichana akisema kwamba mdogo wake atakeketwa likizo ya Desemba, ahadi na sheria haziwezi kutimizwa zote. Baadhi ya wanafunzi wameliondoa swali. Wengine wameliuliza juu ya "wasichana wa kijiji hiki" kwa jumla, ili jibu lisimhusu mtu yeyote. Wachache huandika mwanzoni mwa fomu, kwa Ekegusii, ni habari zipi ambazo hawataweza kuzificha, wakamwachia msichana achague la kusema na la kunyamazia. Tasnifu zao huwa na mapengo mengi katika majedwali, na watahini huyalalamikia.