Filamu ya Hofu Iliyomponza Mwongozaji Wake

Wanafunzi wetu wakisikia filamu ya kutisha hufikiria mizimu na damu. Iko aina nyingine, ambayo kitisho chake kimo ndani ya nafsi ya mtu. Mfano ni Peeping Tom, iliyoongozwa na Mwingereza Michael Powell na kuonyeshwa London mwaka 1960. Jina hilo linasumbua wafasiri. "Mchunguliaji" ni sahihi lakini limepoa. Vijana wa Dar es Salaam wangesema "mpiga chabo", na nadhani wangetushinda.

Mhusika mkuu, Mark, ni mpiga picha za sinema. Utotoni, baba yake, mtaalamu aliyechunguza hofu, alimfanyia majaribio: alimrushia mjusi kitandani usiku, kisha akaipiga picha hofu yake. Mtoto akarithi kamera na utafiti pia. Sasa anawaua wanawake kwa kisu kilichofichwa katika mguu wa kamera, huku kioo kikiwaonyesha nyuso zao wenyewe. Hapo ndipo filamu inapouma: anayekufa haogopi kisu tu, anaiogopa hofu yake anayoiona. Na anayemshuku Mark mapema ni mama kipofu anayepanga katika nyumba yake, yaani yule asiyeweza kuchungulia kitu!

Tutenganishe hapa hofu na woga. Woga ni tabia. Hofu humpata hata jasiri. Mark si mwoga: mwishowe anajichoma kwa kisu kilekile mbele ya kamera zake.

Powell mwenyewe aliigiza baba, na mwanawe Columba akawa Mark mtoto. Wahakiki wa London walighadhibika. Mmoja alitaka filamu itupwe kwenye mfereji wa maji machafu. Iliondolewa upesi katika majumba ya sinema, na kazi ya Powell nchini mwake ikadorora. Miezi michache baadaye Psycho ya Hitchcock, yenye muuaji wa jamii hiyohiyo, ilijaza watazamaji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Martin Scorsese alisaidia kuifufua filamu ya Powell.

Aliyeigiza Mark alikuwa Karlheinz Böhm. Mwaka 1981 alianzisha shirika la Menschen für Menschen, akawatumikia wanavijiji wa Ethiopia kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2014. Wanaomkumbuka huko humkumbuka kwa visima na shule. Sidhani kama wengi wao waliwahi kumwona akiwa na ile kamera.