Wakala wa forodha

Nomino, ngeli ya a-/wa-. Wingi: mawakala wa forodha. Mtu au kampuni yenye leseni ya kushughulikia bidhaa forodhani kwa niaba ya mwenye mali: huwasilisha nyaraka, hukokotoa ushuru na kodi, na kufuatilia hadi mzigo uachiliwe.

Mkoa wa Singida haupakani na bahari wala nchi jirani. Mkamuaji wa alizeti aliyeagiza mashine kutoka China huenda asimwone kamwe ofisa anayeikagua, kwa kuwa mzigo hushushwa Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 700. Anayesimama pale kwa jina lake ni wakala. Neno legevu katika mkataba wao laweza kumfanya mwenye mashine adhani amekwisha kujivua wajibu ambao bado ni wake.

Neno legevu kuliko yote ni dalali, ambalo wafasiri wengi hulichomoa katika kamusi ya lugha mbili bila kutazama muktadha. Dalali huwakutanisha muuzaji na mnunuzi, hupokea ujira wake, akaenda zake. Wakala hutenda mahali pa mwenye mali. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humhesabu wakala aliyeidhinishwa kuwa ndiye mwenye bidhaa, naye huwajibika binafsi kulipa ushuru. Lakini haimwondolei mwenye bidhaa halisi wajibu huo, na matamko ya wakala humfunga aliyemtuma. Uhusiano huo wa pande mbili haumo katika “dalali wa forodha”, mbali na kwamba kwa masikio ya Watanzania wengi maneno hayo yananuka ujanja ujanja.

Wakili nalo si badala yake. Maneno haya mawili yana asili moja katika Kiarabu, ambako wakala ni uwakilishi na wakil ni mwakilishi. Kiswahili kimemwachia mwanasheria neno wakili, na wakala likabeba mtu na taasisi pia. Upatanisho wa kisarufi ndio hutenganisha: “Wakala wa forodha amewasilisha ankara”, lakini “Wakala wa Vipimo umetoa tangazo”. Aidha, wakala wa meli humwakilisha mwenye meli, si mwenye mzigo.

Forodha pia ni neno la Kiarabu, lililohusu mahali pa bandarini pa kushushia shehena. Bustani ya Forodhani mjini Unguja bado inatunza maana hiyo. Siku hizi hutaja zaidi idara inayosimamia bidhaa ziingiazo na zitokazo nchini, ambayo Tanzania iko chini ya Mamlaka ya Mapato (TRA). Inachotoza ni ushuru wa forodha. Kodi ya Ongezeko la Thamani hukusanywa palepale, ila ni kitu kingine, na hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru. Bidhaa ya shilingi 10,000,000 yenye ushuru wa asilimia 25 hulipiwa ushuru wa 2,500,000. Kisha kodi ya asilimia 18, inayotumika Tanzania Bara, hutozwa juu ya 12,500,000, nayo ni 2,250,000, tukiacha tozo nyingine. Mfasiri anayeita vyote viwili “kodi” humnyima msomaji njia ya kuihakiki hesabu ya wakala wake.

Kitenzi kinachoandamana na nomino hii ni gomboa, ndugu wa komboa: mzigo huwa kama kitu kilichowekwa rehani, hautoki mpaka ulipiwe. Hutumika pia gombolewa na ugomboaji. Mitaani husikika kuklia, na katika mazungumzo ya riwaya halina ubaya. Katika mkataba tungeshikilia gomboa. Toa mzigo hueleweka kwa kila mtu, lakini halionyeshi kama ushuru umelipwa au gari limebeba tu, na pale mzigo unapokaa bandarini huku tozo ya uhifadhi ikipanda kila siku, tofauti hiyo ndiyo inayogombewa.

Mifano:

Wakala wetu wa forodha ameigomboa mashine, nayo ipo njiani kuja Singida.

Mwenye bidhaa atampa wakala wa forodha idhini ya maandishi kabla ya tamko kuwasilishwa.

Mawakala wale walinyang’anywa leseni, hivyo mizigo haikugombolewa kwa wakati.