Simsim ya Futari na Jasho la Malindi



Ndugu msomaji, Ramadhan ikiingia chupa za tahini kutoka ng'ambo huonekana madukani. Ukiuliza bei, unairudisha chupa mahali pake polepole! Kumbe kilichomo ni ufuta tu, ile simsim tuliyoila utotoni kwenye kashata. Rojo hii waweza kuisaga mwenyewe nyumbani. Lakini kabla hatujawasha jiko, hebu tujue simsim imepitia wapi. Sehemu ya historia yake iko hapa hapa pwani, na si yote ya kujivunia.

Neno tahini latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kusaga. Watu wa Iraq wameijua simsim tangu kale. Herodotus, Myunani wa karne ya 5 kabla ya Nabii Isa (A.S.), aliandika kuwa watu wa Babeli hawakutumia mafuta mengine ila ya simsim. Jina lake katika lugha yao ya kale lilibeba maana ya mafuta, kama vile kwetu ufuta na mafuta ni ndugu. Kufikia karne ya 13, tahini ilikuwa ikitajwa katika vitabu vya mapishi vya Kiarabu. Mpaka leo Wairaqi huila na asali ya tende.

Sasa tuje kwetu. Katika karne ya 19, chini ya masultani wa Zanzibar, Malindi ilifufuka ikawa ghala la nafaka. Mtama wake ulipelekwa Zanzibar na Arabuni. Simsim ya pwani yetu ilinunuliwa na Wafaransa, ikakamuliwa mafuta huko Marseille. Wenye mashamba wakatajirika.

Je, nani alilima? Watumwa. Wengi waliletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa kupitia Kilwa, wakapimiwa ngwe za kulima chini ya wasimamizi. Na simsim haimngoji mtu: vidonge vyake vikikauka hupasuka, mbegu zikamwagika chini. Yabidi ikatwe mapema, ifungwe mafungu, isimamishwe ikauke, kisha ikung'utwe. Kazi yote hiyo ni ya mikono.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, lakini kwenye mashamba utumwa uliendelea. Pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Wengine hawakuingoja sheria. Walitoroka wakajenga vijiji vyao bara. Bila wao, mashamba makubwa yakadorora.

Mbona tuseme haya mwezi huu mtukufu? Kwa sababu wenye mashamba walikuwa Waislamu wakifunga kama sisi. Soma Surat Al-Balad. Allah (SWT) anaitaja njia ngumu ya kupanda, kisha anaieleza: kumwacha huru mtumwa, na kulisha siku ya njaa. Mambo mawili yametajwa pamoja. Sisi twapenda sana hilo la pili, twapika sufuria kubwa kubwa. Je, lile la kwanza?

Haya, sasa tusage. Chukua vikombe viwili vya simsim. Pepeta, osha, chuja, anika mpaka ikauke. Ikaange bila mafuta kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka inukie. Ikiiva sana itakuwa chungu. Ipoe, kisha itie kwenye blenda. Kwanza itakuwa unga, halafu donge, usikate tamaa! Karibu nusu ya simsim ni mafuta, na yakitoka, rojo hulainika yenyewe. Ikikataa, ongeza mafuta kijiko kimoja kimoja. Usitie maji. Hifadhi kwenye chupa kavu. Mafuta yakipanda juu, koroga tu. Na kwa kuwa wako watu ambao simsim huwadhuru, muulize mgeni kwanza.

Magharibi ikiadhiniwa, chovya tende yako. Kisha mtazame dada anayekusaidia kazi jikoni. Je, yeye amefuturu, au bado anakaanga sambusa? Mshahara wake umemlipa? Na yule anayemtukana mwenziwe kuwa ni uzao wa watumwa, aone haya. Huenda babu wa huyo mwenziwe ndiye aliyeilisha Malindi nzima.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq.