Uteuzi wa wachezaji (mpira wa kikapu)
Utaratibu ambao timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, hupokezana zamu kuchagua chipukizi. Zamu za kwanza hupangwa kwa bahati nasibu inayozipendelea timu zilizofanya vibaya, na mchezaji sharti atimize miaka 19 ndani ya mwaka huo. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21, alichaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies mwaka 2009, akiwatangulia James Harden na Stephen Curry. Kimo pekee hakikutosha: Februari 2010 alishushwa kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ya kukuzia vipaji, apate dakika za kucheza.

Kwingineko Tanzania, Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ni nchi ya wakimbiaji, na riadha, tofauti na kikapu cha NBA, haina zamu wala bahati nasibu. Mtu hujiteua kwa miguu yake. Gidamis Shahanga wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton, 1978. Baadaye ndipo akasoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Mwaka 1982, katika michezo hiyo hiyo ya Jumuiya ya Madola, akatwaa dhahabu ya mita 10,000 mjini Brisbane.